Sanamu ya Vipimo vya Zamani

Kabla ya ugonjwa, dada yangu ndiye aliyekuwa akiandika daftari la vipimo. Mimi nazungusha tepu mwilini mwa mteja na kutamka namba, yeye anaandika. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Sauti yangu na kalamu yake, ndivyo karakana yetu ilivyosimama, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kushonewa kwetu. Mimi nakata na kuunganisha. Yeye anamalizia kwa mkono: pindo, matundu ya vifungo, bitana. Mshono wake ulikuwa hauonekani hata ukigeuza nguo ndani nje. Wateja walimwita Pindo, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Najisifu, najua. Mimi sikufundishwa na mtu kushona. Nilifumua shati la kwanza na kulishona tena mara saba mpaka nikalielewa, na tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mteja kwamba kuna nguo inayonishinda. Nayasema haya mapema kwa sababu yaliyomkuta dada hayakutokana na ujinga wangu. Yalitokana na kiburi.

Ugonjwa ulianzia tumboni. Utumbo mpana ulivimba na kufanya vidonda kwa ndani, akawa anakwenda chooni mara kumi na tano kwa siku, na alichokiona kule kilikuwa damu. Hospitali walisema huo ni ugonjwa wa kuishi nao, unatulizwa, haung'oki. Wakampa vidonge vidogo vyeupe, vinane kila asubuhi akishakula kitu. Damu ikakata ndani ya wiki moja. Mama alikishika kile kichupa kwa mikono miwili kama mtu aliyerudishiwa mtoto wake salama.

"Tutakuwa tunapunguza kidogo kidogo," daktari alimwambia. "Ila usiache ghafla. Hilo ulishike."

Walipunguza. Vikafika sita, vikafika vinne. Kila vilipofika viwili damu ilirudi, wakampandisha tena mpaka vinne. Juu, chini, juu, mpaka miezi kumi na minne ikapita.

"Huyu ndiye bwana wangu sasa," dada alikuwa akisema, akikitikisa kichupa mbele ya Mama. "Ananilisha, ananinenepesha, ananinyima usingizi. Na nikimwacha, ananiua. Mume gani tena mnataka nimlete?"

"Acha utani wa kifo," Mama alimwambia.

"Huo si utani wa kifo, Mama. Ni utani wa ndoa."

Tulicheka. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka.

Fundi huuona mwili kupitia nguo. Kabla sijautazama uso wake, niliona kola ya blauzi yake imeinuka nyuma, haikai tena. Kulikuwa na nyama iliyoota chini ya shingo, laini, kama mto mdogo. Mikono ya blauzi ililegea huku kiunoni vifungo vikikaza. Mikono na miguu ilikuwa inakonda, na kiwiliwili kinajaa. Aliziachia nguo zake mwenyewe, mshono baada ya mshono, mpaka kitambaa cha ziada kikaisha. Kisha uso. Uliumuka ukawa duara, mashavu yakapanda, macho yakadidimia, na malaika ya usoni yakaanza kuwa nywele. Ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya kukatia mkato. Mkasi ukimgusa tu, anabaki na alama ya zambarau siku kumi.

Akaufunika kwa shuka kioo cha wateja. Akahamisha kiti chake kutoka dirishani hadi nyuma ya pazia.

Siku moja alikuja mteja wetu wa zamani, mama mmoja mwalimu, aliyekuwa hajapita mwaka mzima. Nilikuwa nimeinama chini ya meza nikitafuta uzi ulioanguka. Dada alitoka nyuma ya pazia kumpokea.

"Samahani, binti," yule mwalimu alimwambia. "Pindo hayupo siku hizi?"

Mimi nilibaki pale chini ya meza.

"Ametoka," dada akasema. "Akirudi nimwambie nini?"

"Mwambie yule mwenye gauni la kijani anamsalimu sana. Mwambie halijafumuka mpaka leo."

"Nitamwambia."

Mwalimu aliondoka. Dada akarudi nyuma ya pazia, nikasikia sindano ikiendelea kuingia na kutoka kwenye kitambaa. Badala ya kukaa naye nyuma ya lile pazia, niliamua kushona.

Mwezi uliofuata mdogo wetu wa mwisho, tuliyemwita Kitinda, alikuwa na mahafali ya chuo. Mama alitaka jambo moja tu: picha ya familia, sote wanne. Dada alikuwa amekataa kupigwa picha tangu uso ulipobadilika. Nikajiambia kwamba nitamshonea gauni ambalo hataweza kulikataa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Fundi yeyote, hata wa kushona magunia, anajua kwamba nguo hushonwa kwa vipimo vya leo. Mimi nilifungua daftari la vipimo, nikarudi nyuma kurasa nyingi mpaka nikavikuta vyake, vimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe miaka mitatu nyuma. Kiuno, sentimita sabini. Nikavichukua hivyo. Sikusahau kwamba amebadilika. Nilikataa. Niliona kwamba nikizungusha tepu kwenye mwili ule na kuutamka, nitakuwa nimeushonea ugonjwa nguo, na mimi sikuwa tayari kuushonea ugonjwa.

Tulikuwa na sanamu ya nguo, kiwiliwili kisicho na kichwa, cha karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi, tupu ndani, kimevishwa kitambaa na kusimama juu ya mguu wa mti. Niliifunga pamba na vitambaa mpaka ikafika vipimo vya daftari. Bega la kushoto la dada liko chini kidogo kuliko la kulia, nililishusha. Mgongo wake ulikuwa na mpindo mdogo wa watu wanaokaa kushona, niliuweka. Siku tano nilifanya kazi hiyo yeye akiwa kliniki au amelala mchana, maana usiku usingizi haukumjia. Nilipoivalisha gauni, la rangi ya udongo mwekundu, nilirudi nyuma hatua tatu. Alikuwa dada. Alikuwa amesimama dirishani, mahali pake pa zamani, mgongo kwangu, kama anayesubiri aitwe.

Hivyo ndivyo dada mwenyewe alivyomkuta. Aliingia kwa mlango wa uani, akasimama.

Kisha akasogea, akaweka viganja vyake viwili kiunoni mwa sanamu, vidole vikakaribia kugusana. Akagusa lile bega la kushoto.

"Huyu ndiye unayemsubiri?" akauliza.

Nilidhani namfariji. "Atarudi, dada," nikasema.

Alipinda ukingo wa gauni akatazama ndani. "Hujaweka pindo."

"Pindo ni lako."

"Haya," akasema. "Nitaliweka mimi."

Kuanzia kesho yake alirudisha kiti chake dirishani, kando ya sanamu. Nilifurahi. Mama alikuwa akileta chai kila asubuhi na kusimama pale mpaka dada anywe vidonge vyake vinne. Dada aliviweka mdomoni mbele yake, akapiga funda la chai, akamwambia, "Ushuhuda umekamilika, Mama, nenda kapumzike." Mama aliondoka ameridhika. Nami sikufikiria jambo ambalo mafundi wote tunalijua: sisi tunashika pini mdomoni kutwa nzima. Tunaongea nazo, tunacheka nazo, tunakunywa chai nazo shavuni, na hatumezi hata moja.

Wiki moja ikapita. Uso wake ulianza kupungua. Kwa kweli ulikuwa unanyauka, ila mimi niliona kupungua tu. Kula kulimshinda. Alisema magoti na viwiko vinamuuma kama mtu aliyebeba mawe, na akiinuka kwenye kiti anashika meza kwanza.

"Unaona?" nilimwambia, Mungu anisamehe. "Anarudi."

"Ndiyo," akasema. "Namsikia akija."

Nami nilikuwa na kitu ninachokisikia. Kila nilipoigeuza ile sanamu kurekebisha gauni, ndani yake kulitoka sauti ndogo, kavu, kama mbegu kwenye kibuyu. Nikiisimamisha, kimya. Nikiigeuza, tena. Nilikagua vifungo, nilikagua mguu wa mti, sikuona kitu. Siku moja niliweka sikio mgongoni mwake, kisha nikaona aibu, mtu mzima kusikiliza kifua cha karatasi. Jioni nikifunga karakana nilikuwa natoka nikiitazama, kinyumenyume. Niliona, au nilidhani naona, kwamba kadiri dada alivyofifia, yule wa dirishani alikuwa akikolea.

Siku ya mahafali dada aliamka mapema akaja karakana kujaribu gauni. Halikumwingia vizuri, zipu ilikuwa bado haifungi kiunoni. Lakini alikuwa amenywea kuliko nilivyotarajia, na mimi, badala ya kuogopa, nikachukua pini.

"Vuta pumzi," nikamwambia, pini zikiwa midomoni.

"Sina ya kuvuta."

Nilipiga magoti kupima pindo. Miguu yake ilikuwa baridi na imelowa jasho. Saa ile haikuwa ya jasho.

"Dada, umekula?"

"Nimetapika. Fanya haraka."

"Hebu kaa kwanza."

"Usinifungue, Fundi," akasema taratibu. "Picha kwanza. Wakishaniona mara moja yatosha. Picha kwanza."

Mkono wake ukatafuta kitu cha kushika, ukashika bega la sanamu. Wakaanguka pamoja. Nilisikia ile sauti ya mbegu, safari hii kwa wingi, ikimiminika upande mmoja kama mvua. Dada alikuwa amelala chini ya yule mwingine, macho wazi nusu, midomo imekauka, na nilipomwita hakuitika.

Hospitali walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamtundikia maji. Muuguzi alipima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, alitugeukia mimi na Mama.

"Anatumia dawa gani?"

"Vidonge vyeupe," nikasema. Miezi kumi na minne, na jina la dawa ya dada yangu sikulijua.

Mama alitoa kichupa mkobani. Daktari akasoma, uso ukabadilika.

"Ameacha lini?"

"Hajaacha," Mama akasema. "Namnywesha mimi kwa mikono yangu. Leo tu ndiyo hajanywa."

"Mama, nahitaji kujua. Kama ameacha, nina kitu kimoja cha kufanya, na nakifanya sasa hivi. Kama hajaacha, natafuta kingine."

"Nakwambia namwona akiweka mdomoni."

Akiweka mdomoni. Kama pini, shavuni. Nilisikia mbegu kwenye kibuyu.

"Ameacha," nikasema. "Siku kumi na mbili au kumi na tatu. Viko ndani ya sanamu."

Mama alinitazama kama niliyerukwa na akili. Daktari hakuuliza sanamu gani. Alikwishageuka, akamwambia muuguzi jina la sindano.

Walimchoma dawa ileile aliyokuwa ameikimbia, kwa wingi, moja kwa moja kwenye mshipa. Saa mbili baadaye presha ikaanza kupanda. Daktari alituita nje, akatueleza huku amejiegemeza ukutani. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, akasema, zinazotengeneza kitu kama dawa hii kila siku, na bila kitu hicho mtu hasimami. Ukimpa mtu vidonge miezi mingi, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiviondoa ghafla hakuna anayeifanya. "Ndiyo maana tunapunguza kidogo kidogo, tuziamshe. Nyingine huchukua mwaka. Nyingine haziamki."

"Na zisipoamka?" nikauliza.

"Basi ataishi na vidonge. Lakini ataishi."

Nilirudi karakana peke yangu. Sanamu ilikuwa bado chini, ubavu wake umebonyea. Niliikagua shingoni, pale kitambaa kinapofunika tundu la juu, na sikuona mshono. Nilipitisha kucha mara tatu ndipo nikaupata: mshono wa dada, usioonekana, uliofunguliwa na kufungwa tena kila asubuhi. Niliukata kwa wembe. Nikaipindua sanamu juu ya meza ya kukatia, vidonge vikaanguka, vingine vimeshikana kwa mate yaliyokauka. Alikuwa amemlisha yule wa dirishani.

Dada alizungumza siku ya pili. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Gauni walikuwa wamelikata kwa mkasi ili wamtundikie maji, na nilikuwa nimelikunja mapajani kwa sababu sikujua pa kuliweka.

"Wamelikata vibaya," akasema. "Hawakufuata uzi."

"Nisamehe, dada."

"Kwa lipi? Ulishona vizuri. Ungeshona vibaya kidogo, nisingemwamini."

"Nilisema atarudi. Sikuwa na haki ya kusema vile."

Uso wake ulikuwa umeanza kujaa tena kwa maji na dawa. "Wewe ulikuwa unamsubiri," akasema. "Mama alikuwa anamsubiri. Yule mwalimu akaja kumuulizia. Nikaona ni mimi tu ninayemzuia asiingie."

Nililikunjua gauni mapajani, nikalikunja tena.

"Ukinishonea tena," akasema, "nipime."

Alipotoka hospitali nilimpima. Mama alikuwepo, amekaa na daftari na kalamu, kwa sababu anayepimwa hawezi kuandika. Nilizungusha tepu kifuani, nikainama, nikanong'ona namba.

"Tamka kwa sauti," dada akasema. "Unaninong'onezea kama umeletewa habari za msiba."

Nikatamka. Kiuno, tisini na tatu. Mama akaandika. Shingo kwa nyuma, ule mto, nikautamka nao. Unene wa mkono wa juu, mdogo kuliko wa zamani. Nilizisema zote, na kila namba iliponitoka nilihisi inanitoka kweli.

Kitambaa kile kilikuwa kimeisha sokoni. Nililifufua gauni kwa vipande vya rangi nyingine ubavuni, viwili virefu, na mgongoni palipokatwa nikaweka kimoja. Hatukuvificha. Dada aliweka pindo. Kitinda akavaa joho lake siku ya kawaida kabisa ya kazi, tukapigwa picha mlangoni mwa karakana. Dada yuko katikati, uso duara, anaitazama kamera kama anayeidai. Mama akiwaonyesha watu picha ile huhesabu wanne. Mimi huhesabu watano, kwa sababu nyuma ya kioo cha dirisha yupo mwingine, kiuno chembamba, bega la kushoto liko chini, mgongo kwetu.

Nilitaka kumchoma moto. Dada alikataa.

"Mwache. Hana kosa. Wewe ndiye uliyemwita."

Kwa hiyo bado yupo. Ubavu wake niliunyoosha. Dada yuko kwenye vidonge vitatu sasa. Walijaribu viwili na nusu, damu ikaonekana kidogo, wakarudi vitatu. Daktari amezungumzia dawa nyingine, ya kuchomwa, inayoweza kumpa bwana wake talaka taratibu. Pengine. Dada anaposikia neno hilo huinua nyusi tu.

Kuna kidonge kimoja hakikutoka. Nimeitikisa sanamu, nimeipindua, nimeingiza waya. Kimejibana mahali fulani kifuani. Asubuhi lori la kwanza likipita barabarani na sakafu ikatetemeka, kinagonga ndani, mara moja tu. Dada huweka sindano chini.

"Ameuliza kama nimekunywa," husema.

Huviweka vitatu mdomoni, hupiga funda la chai, humeza. Kisha ananigeukia, anafungua mdomo wote, anainua ulimi, anaonyesha shavu la kulia, anaonyesha la kushoto, nami natazama.